Maporomoko ya Madale

Jumanne, 2 Agosti 1994. Tandika.

Leo nimezindua kampuni. Kibao kimepigiliwa ukutani saa nne asubuhi, upande wa barabarani, majirani wakishuhudia. Kinasomeka: SADALLAH MATEMBEZI, MAHALI PAZURI KULIKO POTE. Nimeandika mwenyewe kwa rangi nyekundu. Hilo neno "pote" limebanana kidogo mwishoni, lakini ukisogea linasomeka.

Wakati ni huu. Siku hizi kila mtu mtaani ana biashara. Tangu shirika letu lipunguze wafanyakazi, wenzangu wameangukia mitumba na kuuza barafu. Mie nina kichwa. Miaka kumi na minne nilikuwa karani wa ghala, na ukutani mle mlitundikwa kalenda kila mwaka, zenye picha za nchi hii. Nimezisoma zote. Lushoto naijua. Tukuyu naijua. Kitulo naijua mpaka maua yake. Watu barazani wakiniuliza kama nimefika, huwaga nawajibu kwamba mtu mwenye akili hazungumzii asichokijua. Hilo ni jibu, si uongo.

Na hili libaki humu: mbali kabisa nilikofika ni Morogoro. Mara moja, kwenye msiba, nyuma ya lori, nimelala.

Mchana akaja Leonardi kusoma kibao. Ni jirani yetu wa nyumba ya pili, mchongaji, Mmakonde wa Newala. Alisoma taratibu, vumbi la mpingo limemjaa nyusi. Nikaona nimpe ladha kidogo. Nikamwelezea Mto Ruvuma unavyomwaga maji yake ziwani. Akasema kwa upole kwamba yeye ameuvuka Ruvuma kwa mtumbwi tangu mtoto, na unamwaga baharini. Nikamwambia inategemea na mwaka.

Wivu.

Jumatano, 3 Agosti

Mteja wa kwanza ametokea ndani ya nyumba yangu.

Ni Bi Mwanabaraka, shangazi yake mke wangu Mauwa, ndiye aliyemlea. Mzaliwa wa hukuhuku Temeke, ana miaka sabini na kitu, na anakaa nasi tangu macho yaanze kufifia. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari amempa siku ya kupasuliwa jicho moja, Alhamisi ya wiki ijayo, na yeye hataki. Anasema alimjua mtu aliyeingia hospitali na jicho moja bovu akatoka na mawili. Mauwa amembembeleza mwezi mzima.

Jioni nimemsomea kibao changu. Halafu akasema atakubali kisu kwa sharti moja. Maisha yake yote amesikia watu wakisifia mahali walikofika, na yeye hajapita Kibamba. Anataka apelekwe mahali pamoja pazuri, apaone kwa hiki kidogo kilichobaki. Wakimharibia, basi atakuwa na kitu cha kukaa nacho gizani.

Nikamwambia shangazi, umefika kwa mwenyewe.

Mauwa akanivuta uani. Maneno yake nayanukuu: "Baba Shamimu, wengine huko barazani danganyaneni mtakavyo. Shangazi usimdanganye."

Nimesikitika. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na mke wangu ananifahamu kidogo namna hii.

Alhamisi, 4 Agosti

Utafiti. Nimetoka alfajiri na daftari, nimepita njia za mkato kutoka Tabata, nimepotea kidogo, na nikatokea mahali pa ajabu.

Bonde la kijani. Matuta ya mchicha yamenyooka kama mistari ya daftari. Wanaume kama ishirini wanalima kwa utaratibu ambao sijauona popote nchi hii. Wote wamevaa sare. Hakuna kelele. Nikaandika: "Mahali pa utulivu. Wenyeji wake hawana haraka ya kwenda popote." Nikakaa kwenye kichuguu, nikaanza kuchora ramani.

Akaja bwana mmoja mwenye bunduki. Akanisalimia vizuri, akauliza nachora nini. Nikamwambia natafuta mahali pa kuleta wageni. Akasema siku ya wageni si leo, na lango liko upande ule, na mfungwa wangu anaitwa nani.

Ndipo nikaona kuta. Kumbe nimetokea nyuma ya gereza la Segerea.

Nimeeleza kuhusu kampuni yangu hadi alasiri, kwa maofisa watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa tatu alicheka, akaniruhusu niondoke. Ramani wamebaki nayo.

Nyumbani nimesema eneo nililolipenda limejaa.

Ijumaa, 5 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Baada ya swala nimekutana na Badru, dereva wa pikapu ya kokoto. Huwaga anapakia huko Tegeta. Akaniambia kwamba ukiacha machimbo ukapanda vilima vya Madale, kuna korongo ambalo maji yanaporomoka kwenye jiwe kama yamemiminwa kwa ndoo. Ameyaona kwa macho yake wakati wa masika.

Nikamwambia anitengee pikapu Jumatatu, sikukuu ya Nane Nane. Amekubali, mradi nimtafutie wateja wa kokoto. Nimemwahidi wanne. Sijui hata mmoja, lakini nchi inajengwa.

Jioni nimetangaza barazani: Maporomoko ya Madale. Jina nimelitunga mwenyewe. Watu walinyamaza kwa heshima. Leonardi peke yake akauliza kama mwezi wa nane korongo huwa na maji. Nikamwambia maporomoko hayana likizo. Akaomba kufuatana nasi. Nimemruhusu. Ni vizuri mtu kama yule ashuhudie.

Jumapili, 7 Agosti

Mazoezi ya maelezo mbele ya kioo cha kabati. Mkono wa kulia unaonyesha, wa kushoto nyuma. Mauwa amepita mara tatu bila sababu.

Jumatatu, 8 Agosti. Nane Nane.

Ya leo nitayaandika kama yalivyokuwa, maana hapa hasomi mtu.

Bi Mwanabaraka aliamka kabla ya wote. Akaoga, akavaa doti mpya ya kanga chini ya baibui, akajipaka wanja kwenye macho yale yaliyofifia. Alibeba vitumbua kwenye kikapu. Tukampandisha mbele kwa Badru. Mie, Mauwa na Leonardi nyuma, juu ya magunia. Mtaa mzima ulitoka kutuaga. Nilisimama wima mpaka Keko, nikakalishwa chini na trafiki.

Kutoka Tegeta, barabara ikaisha. Tukapanda vichaka, mikorosho, mawe, vumbi. Mara mbili tulishuka kusukuma. Mwishowe Badru akazima injini, akasema ndipo hapa.

Nikaruka chini wa kwanza.

Palikuwa na korongo, kweli. Palikuwa na jiwe, kubwa, jeusi, zuri kwa jiwe. Maji hayakuwepo. Hata tone. Chini yake mchanga mkavu, na mbuzi mmoja amelala anatafuna. Badru akajikuna kisogo, akasema masika yalikuwepo, wallahi.

Bi Mwanabaraka alikuwa tayari ameshuka. Mauwa amemshika mkono. Akaelekeza uso mbele, akatabasamu, akauliza: "Ndiyo hapa, mkwe wangu? Nionyeshe."

Nikamwangalia. Nikaangalia jiwe. Nikaona mazoezi yangu yasipotee bure.

Nikanyoosha mkono wa kulia. Nikamwambia shangazi, mbele yako maji yanashuka meupe kama maziwa, kutoka juu sana. Yanagonga jiwe, yanarushwa hewani, na jua likipiga pale unatokea upinde wa mvua. Chini pana bwawa la buluu, na ndege weupe. Yote haya ni kalenda ya mwaka themanini na moja, mwezi wa tano, na nilisema vizuri kuliko nilivyowahi kusema kitu chochote. Hata Badru aligeuka kuangalia kama yapo.

Bi Mwanabaraka alisikiliza mpaka mwisho. Ameinamisha kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Mbona hayana sauti?"

Nikasema yako mbali.

"Umesema yako mbele yangu."

Mauwa aliuachia mkono wa shangazi yake, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya pikapu. Angenitukana ningepata la kujibu. Nikajisikia mdogo. Sijui niandike namna gani. Mdogo kuliko siku ile shirikani waliposoma majina ya tuliopunguzwa.

Leonardi ndiye aliyesogea. Akasema, "Bibi, shikamoo. Maji hakuna. Yatakuja na mvua. Lakini njoo huku, kuna kitu."

Akamshika mikono, akaiweka juu ya lile jiwe. Akamwonyesha kwa vidole vyake mahali maji yalipolilainisha na mahali ambapo hayakufika. Akamwambia kwao Newala, juu kabisa ukingoni mwa uwanda, kuna mahali ambapo mtu akisimama asubuhi anaona mawingu chini yake, na mto, na nchi ya watu wengine ng'ambo. Alipokuwa mdogo, alidhani ndipo dunia inapoishia. Alikata mkonge Tanga, alipakia mbao Iringa, ameona mengi, na bado akiota anaota pale. Leonardi huyu, miaka sita jirani yangu, hajawahi kuyasema hayo barazani hata siku moja. Mtu ana mali yote hiyo na anaikalia kimya. Sitamwelewa.

Halafu akamgeuza taratibu, akauelekeza uso wake mashariki, mikorosho inakoteremka. Akamwuliza anaona nini.

Bibi akakaza macho. Akasema anaona kijani, na juu ya kijani kuna mstari mweupe, unang'aa. Akauliza ni ukuta?

Leonardi akasema, "Bahari hiyo, bibi."

Bibi akasema yeye ni mtu wa pwani, baba yake pwani, mume wake alikuwa kuli bandarini. Miaka sabini bahari ameiona ikiwa miguuni pake. Hajapata kuiona yote. "Kumbe ina mwisho huku na huku," akasema. Akalia kidogo. Akaomba akalishwe palepale, tukala vitumbua vyetu, na mbuzi akapewa kimoja.

Hatukuondoka mpaka jua lilipopita kichwani. Wakati wa kurudi, Mauwa alikaa upande mwingine wa magunia.

Ijumaa, 12 Agosti

Bi Mwanabaraka alipasuliwa jana. Aliingia mwenyewe kwa miguu yake, hakushikwa. Kabla ya kuingia, aliniachia ndala zake nizishike. Nilizishika saa tatu nzima, koridoni, sikuziweka chini hata nilipoambiwa naweza. Niliogopa. Hilo nalo libaki humu.

Leo wamemfungua kitambaa. Jicho linaona. Mauwa alilia, Leonardi aliyekuja na machungwa akatoka nje kupenga kamasi. Bibi akaangalia dirisha, akaangalia kanga yake, akaangalia mikono yake mwenyewe pande zote mbili. Mwisho akaniangalia mie. Akasema, "Masikini, kumbe mkwe wangu umezeeka hivi."

Madaktari wanasema uono huwa unatulia baada ya siku kadhaa.

Nimetafakari njiani. Nani alimtoa uoga yule mama? Safari. Nani aliianzisha safari? Sihitaji kuandika jina, liko kwenye kibao. Mauwa ameanza kunisemesha, ingawa ni kuhusu chumvi tu.

Jumamosi, 27 Agosti

Leo watu kumi na mmoja wa mtaa huu wamekwenda Madale. Bi Mwanabaraka ndiye aliyewasimulia mpaka wakashindwa kukaa, naye amefuatana nao. Pikapu ya Badru, na anayeongoza ni Leonardi. Leonardi hana kibao. Hana kampuni. Nasikia hata maelezo hatoi, anawaonyesha tu kisha anakaa pembeni. Watu kumi na mmoja, na mahali nimepagundua mie.

Sikwenda. Nilikuwa na kazi za ofisi. Nimeongeza mstari chini ya kibao: WALIOKWISHA KUFIKA MADALE, 16. Nimemhesabu na dereva.

Jioni wakarudi wamechoka, wanacheka. Bi Mwanabaraka alikuja kukaa nami kibarazani, peke yetu. Akasema ameyaona vizuri sasa, jiwe na bahari, na mashua mbili alizihesabu. Kisha akasema: "Mkwe wangu, siku ile nilijua hakuna maji. Macho ndiyo yalikuwa mabovu, masikio mazima. Lakini ulinipeleka. Hakuna mwingine aliyewahi kunipeleka mahali. Siku nyingine nipeleke tu, usinielezee."

Nilishukuru. Nikamshika mikono. Baadaye nimekaa nikayapima maneno yake, na nadhani nimeyaelewa barabara. Kwanza, anataka safari nyingine. Pili, maelezo yalikuwa mafupi mno, hayakumkinaisha. Ningefika mpaka kalenda ya mwezi wa sita, asingeuliza habari za sauti.

Bahati nzuri mahali pamekwisha kupatikana. Kibamba, nyuma ya barabara kuu, walikochimba kifusi, pamebaki shimo kubwa la duara, lina kingo pande zote na nyasi katikati. Nimepita pale jana. Ukisimama upande wa juu na kufumba jicho moja, ni Ngorongoro kabisa. Nimetangaza kwa Jumamosi ijayo, na watu wanne wamekwisha kuniuliza habari za wanyama.

Nimewauliza wenyeji. Kuna kenge wawili, wakubwa. Watatosha.