Klachi ya Lori, Mapipa Mawili na Mama Mkwe

Leo nimeumbuka. Gharama kamili: shati moja, klachi moja, na heshima niliyokuwa naitunza kwa ajili ya Jumapili.

Jumapili washenga wangu wanakwenda kwa kina mchumba wangu Mbuke kupatana ng'ombe wa mahari, na nyumba ile neno la mwisho ni la mama. Sasa asubuhi nani anashuka kwenye bodaboda hapa Rwamgasa na kiroba cha mawe ya dhahabu? Mama Mbuke mwenyewe! Kaja kusaga kwenye karasha langu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wanasema hapa kwako hakipotei kitu."

(Sentensi hiyo ndiyo iliyoniponza.)

Karasha langu lina mapipa mawili ya chuma, yamelala kwenye mstari mmoja, ndani yana gololi nzito za kuponda mawe. Injini inazungusha la kwanza tu. La pili nimeliunganisha kwa klachi ya lori bovu, niliyoinunua Shinyanga mjini kwa bei iliyomfanya muuzaji aniulize kama nimezaliwa na mtu.

Mawe ya Mama Mbuke yakasagika, pipa la kwanza likawa na unga mtupu. La pili lina mawe ya Mwalimu Masanja, anayefundisha fizikia. Zamu yake inafuata. Dizeli inakaribia kuisha. Kukaa siwezi. Nachungulia dumu, nachungulia mama mkwe, narudi kwenye dumu. Nikapata akili.

"Nazima injini," nikatangaza. "Pipa hili bado litazunguka. Nalikamatisha na lile lililosimama, linaliamsha bure. Mwendo wanagawana, hakipotei kitu!"

Mwalimu akavua miwani. "Mzunguko hautapotea, kweli. Mapipa yako yanalingana, kila moja litapata nusu ya kasi. Lakini nishati inakwenda na kasi mara kasi, Maganga. Nusu ya nusu ni robo. Robo mbili ni nusu. Nusu nyingine je?"

"Itakuwa humo humo."

"Itatafuta pa kutokea."

Mama Mbuke anasikiliza. Hapo mtu unarudije nyuma?

Nikazima. Pipa lina alama ya rangi nyekundu, nikahesabu: mzunguko mmoja kwa sekunde. Nikahesabu tena. Mmoja. Nikavuta mkono wa klachi kwa mkupuo.

KWAAA!

Klachi ikanuka kama breki za lori mlimani. Alama nyekundu: mzunguko mmoja kwa sekunde mbili! Nikainama pale pale kwenye pipa, "Mwalimu, ona! Nusu kamili!" Mdomo wazi.

Ndipo ile nusu nyingine ilipotokea. Mshtuko ulikuwa umekata bolti za mfuniko (zinatakiwa nne, nilifunga mbili, kubana matumizi). Mfuniko ukaruka. Unga wa mawe ukanimwagikia: nywele, masikio, na mdomo ule ule.

Nikanyanyua mkono nijifute.

"USIJIFUTE!" Mama Mbuke huyo. "Hiyo ni dhahabu yangu!"

Na sheria ya karasha iko wazi: unga ni wa mwenye mawe, popote ulipo. Nikatembezwa polepole kama trei ya mayai hadi mwaloni, kwenye ule ubao mteremko uliotandikwa zulia, unga unaoshwa, dhahabu inabaki. Mwalimu na vijana wa karasha wakanisimamisha juu yake. Shati likavuliwa, likakamuliwa. Nikabaki na bukta (matundu mawili. Nimehesabu tena: matatu).

Mama Mbuke, kwa heshima ya ukwe, akanipa mgongo. Mdomo haukugeuka.

"Makwapani mmesugua?"

"Tayari mama!" Huyo ni Mwalimu. Ndiye aliyeshika ndoo.

"Masikioni? Mwinamisheni!"

"Mayu wane!" nikamlilia mama yangu.

"Na asiteme chini! Atemee kwenye karai."

Nimetemea kwenye karai. Kazi yote hiyo, mwili mzima umetoa punje mbili. Mwalimu akasema hata mawe yake mabovu yanatoa zaidi.

Mama Mbuke akapanda bodaboda, bado hajageuka. "Baba, Jumapili waje. Ila ng'ombe tutahesabu wazima. Mambo yako ya nusu nusu nimeyaona."

Nilipanga tuanzie ng'ombe watano. Wenzangu, acheni kucheka, nipeni ushauri: mtu aliyeamuru usuguliwe makwapa, unamwombaje apunguze?