Lita Mbili za Juisi kwa Mgonjwa wa Kabuga

Jumatatu, 21 Julai
Ndayisaba amepiga simu mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Ndiye mkusanya madeni wa kampuni iliyonikopesha faranga laki tatu. Hagombi, na hilo ndilo linaloniua. Amesema kwa upole kwamba Ijumaa, kwa masikitiko makubwa, ataleta barua kwa bosi wangu, Mama Veronica. Na mimi niko kwenye majaribio hadi tarehe mosi! Mwenyewe alishasema: karani mwenye madeni hana kazi kwake.

Laki tatu zenyewe nilimchangia yeye huyo Mama Veronica, harusi ya binti yake. Goodluck, Mtanzania ninayekaa naye meza moja, aliandika laki mbili kwenye kundi la WhatsApp. Ningefanyaje? Mshahara wangu ni laki mbili na themanini. Nilishukuriwa kwa kidole gumba.

Simu ya tano nimebadili sauti. Nimesema Shyaka, yaani mimi, amelazwa hospitali ya Kabuga, na anayeongea ni mdogo wake. Mpango safi.

Jumatano, 23 Julai
Ndayisaba amekwenda Kabuga kumtazama mgonjwa! Alipomkosa akaja ofisini na lita mbili za juisi. Nimejifungia kwenye chumba cha fotokopi dakika arobaini, nikimchungulia kwa tundu la ufunguo. Bahati, hakusema ametoka kampuni gani. Kamwachia Goodluck juisi na salamu za pole.

Goodluck ameinywa yote. Sasa kila nikipita ananiuliza: vipi bwana, mgonjwa wetu yu hai?

Alhamisi, 24 Julai
Nimekwenda kwa mshauri wa madeni, pale chama cha akiba na mikopo, Remera. Mama Gahongayire. Miwani, kalamu nyekundu. Nimemweleza kwamba nina rafiki mwenye shida. Akauliza mshahara wa rafiki. Nikautaja. Kodi ya rafiki. Nikaitaja. Rafiki amekula nini mchana? Nikasema chapati moja, kabla sijafikiri.

Amesema rafiki amfuate mdai wake kabla hajafuatwa, aombe kulipa elfu thelathini kila mwezi. Na ajifunze neno moja tu: sina. Akanitaka nilitamke mara tatu, kwa niaba ya rafiki. Nimelitamka vizuri sana.

Ijumaa, 25 Julai
Nimetazama mlango tangu saa mbili. Kila pikipiki ikisimama, na moyo unasimama. Mama Veronica ameuliza kama nina homa.

Saa kumi, ujumbe: Ndayisaba anaomba radhi, leo anahama nyumba, barua ataileta Jumatatu. Anaomba radhi! Nimejibu, kama mdogo wake Shyaka, kwamba hakuna shida.

Jumamosi, 26 Julai
Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Mtaa mzima nje na majembe, tunazibua mtaro. Nikajiona salama: nani atakudai mbele ya majirani? Nikashika machela ya udongo upande wa nyuma. Aliyeshika mbele akageuka.

Ndayisaba! Kumbe amehamia nyumba ya tatu kutoka kwangu. Picha yangu iko kwenye fomu yao ya mkopo, basi akanitambua papo hapo. Kukimbia haiwezekani ukiwa umeshika nusu ya mzigo. Akasema, ah, kaka, Mungu mkubwa, umepona! Akauliza mdogo wangu hajambo.

Safari ya sita nikakata tamaa, nikasema maneno ya Mama Gahongayire: elfu thelathini kwa mwezi. Akakubali! Akaandika makubaliano juu ya goti lake, nikatia sahihi kwa mikono ya matope. Barua haiji tena. Kazi imepona. Kumbe ukweli ni rahisi hivi! Sitakopa tena maisha yangu yote.

Jumapili, 27 Julai
Ndayisaba ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp. Anamuoa mchumba wake, Umuhoza, mwezi ujao. Majirani wanaandika ahadi: elfu ishirini, elfu kumi. Nikaandika "sina". Nikalitazama. Neno fupi, la aibu.

Halafu nani akajitokeza? Goodluck! Tangu ile juisi wamekuwa marafiki. Ameandika laki moja.

Nimefuta. Nimeandika laki moja na nusu.

Ndayisaba amejibu: ubarikiwe sana, kaka. Dakika mbili baadaye, ujumbe wa pembeni: usisahau, kaka, elfu thelathini, tarehe thelathini na moja.

Kesho baada ya kazi nakwenda Gisimenti. Kuna wakopeshaji wapya ghorofa ya pili, hawana maswali mengi. Wanataka tu mdhamini mmoja anayenijua vizuri.

Nitamwandika Ndayisaba.