Benchi la Kupimia Hasira

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya leseni Jumatatu asubuhi, na lilisema taifa limepata suluhisho. Wanaotaka kila mtu awe na bunduki, na wanaotaka bunduki zote ziyeyushwe ziwe masufuria, wote wanyamaze. Kwa mujibu wa Mwongozo wa Upimaji wa Hasira kwa Wamiliki wa Silaha Binafsi, kila mmiliki atakaa benchi masaa matatu. Akitulia, anapata leseni. Akiwaka, silaha inabaki kabatini. "Bila kujali cheo," likamalizia, na chini yake saini ya Mkurugenzi, ndefu kama mkia wa panya.

Mama Dirisha, karani wa dirisha namba mbili, alirudia kusoma hapo kwenye cheo. Mkurugenzi ni shemeji yake, kamwoa mdogo wake. Tangu shemeji anunue bastola, kila akikaa kula anaiweka mezani, pembeni ya chumvi. Mdogo mtu siku hizi hata kwenye simu ananong'ona.

"Hajanigusa, dada. Anaiweka tu."

Basi bwana, kazi ya Mama Dirisha ilikuwa kuudhi watu kitaalamu. Hatua ya kwanza, mwambie fomu yake haionekani. Ya pili, mtandao umekata. Ya tatu, kunywa chai huku anakuona. Ofisi ilikuwa inayafanya hayo miaka ishirini bure. Sasa ndiyo yamepata mwongozo.

Benchi likajaa. Muuza nyama mmoja, jasho linamtoka, akaanza: "Mimi nimevamiwa mara mbili. Wale waliokuja na bunduki, walikaa benchi gani?"

"Pole, baba," akajibu mwalimu mstaafu, bibi mwenye kifurushi kirefu mapajani. "Mimi hii ya marehemu mume wangu nairudisha. Miaka thelathini jambazi hajaiona hata siku moja. Wajukuu ndio wanaijua mpaka namba."

"Kwa hiyo mimi nife?"

"Nani kasema ufe? Nauliza, una wajukuu?"

Muuza nyama akakitazama kile kifurushi, akasogea kando kidogo.

Mara mlango wazi, Mkurugenzi huyo, na kamera nyuma yake kama kuku na vifaranga. "Wa kwanza kupimwa nitakuwa mimi!" akatangaza. "Kiongozi ni kioo!" Halafu akainama dirishani, sauti chini: "Shemeji, dakika tano tu, gonga muhuri."

"Sawa, shemeji. Karibu benchi."

Akakaa. Kamera zikawaka.

Dakika ya kumi Mama Dirisha akaita, "Mzee, fomu yako haionekani." Mkurugenzi akacheka, akawageukia waandishi: "Mnaona? Utulivu!" Dakika ya ishirini na tano, mtandao umekata. Akacheka tena, safari hii meno tu. Kisha Mama Dirisha akamimina chai. Akakoroga. Akapuliza. Akamaliza kikombe, akamimina kingine.

Mkurugenzi akaruka. Akafika dirishani kwa hatua mbili, akachomoa bastola kiunoni, akaiweka pwaa! kaunta, pembeni ya kopo la sukari, kama alivyozoea.

"Wewe mwanamke! Unanijua mimi ni nani?"

Mama Dirisha akaitazama bastola pembeni ya sukari. Kumbe ndivyo inavyokuwa pale mezani, akawaza. Kila siku.

Akatua kikombe, akafungua Mwongozo.

"Kifungu cha tisa, mzee. Atakayeuliza 'unanijua mimi ni nani' amefeli papo hapo. Umekiandika mwenyewe." Akaandika: dakika arobaini na moja. Akaishika bastola kwa leso, kama anayetoa panya kwenye unga, akaitia kabatini. Funguo, kwaa!

Mkurugenzi akataka kurusha neno lingine, akaona kamera zimemsogelea. "Nakata rufaa!"

"Haki yako kabisa. Rufaa zote zinaamuliwa na Mkurugenzi."

"Mkurugenzi si ndiye mimi!"

"Ndiyo, mzee. Ila leo hayupo ofisini. Yuko benchi."

Muuza nyama akajisogeza. "Njoo ukae, mkuu. Nafasi ipo."

Jioni, habari zikiwa zimeshatangazwa kila redio, simu ya Mama Dirisha ikaita. Ilibidi aisogeze mbali na sikio.

"Dada!" mdogo mtu alikuwa anapiga kelele, majirani wote wasikie. "Dada, tunakula! Mezani kuna chumvi tu!"