Maji ya Helikopta, Tofali Zangu

Jamani, leo nimedhalilika mchana kweupe, tena kwenye skrini kubwa. Naandika mwenyewe kabla hamjatumiwa video.

Mnanijua: koplo wa zimamoto, dereva wa lile gari jekundu ambalo mlango wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. (Likizima tunasukuma. Wengi wenu mmeshasukuma, asanteni.) Leo ilikuwa siku ya kuitambulisha helikopta ya polisi na uokoaji. Imeboreshwa! Imefungwa winchi ya kumvuta mtu duara, yaani shimo la wachimba dhahabu, likimporomokea, taa kali, na kamera mpya. Itatuhudumia sisi na wenzetu wa Geita mpaka Masumbwe. Ndege imepata kamera, sisi hata honi hatuna. Haya.

Afande wetu alikuwa achague mtu mmoja wa kwenda kozi ya kuruka na hiyo helikopta: mimi au Konstebo Hadija. Miaka kumi na moja nasukuma gari. Nafasi ile niliitaka mpaka nikakosa usingizi.

Asubuhi afande akaniita. "Koplo, jaza tanki, ukamwagilie uwanja wa shule wote. Helikopta ikitua pakavu, vumbi litatuzika. Nikiona vumbi, kozi sahau."

"Ndiyo, afande!"

Nikajaza. Njia ya kurudi inapita kwenye kiwanja changu, barabara ya kwenda Tinde. (Haipiti. Niliipitisha mimi.) Pale nikamkuta mke wangu, Mama Kulwa, na fundi wa kufyatua tofali, wamekaa juu ya udongo mkavu. Tangu Jumatatu hawana maji.

"Mwangaluka, Baba Kulwa," akanisalimia, macho yako kwenye tanki.

"Usiangalie huko. Haya ni maji ya serikali."

"Na mimi ni mke wa mtu wa serikali. Kidogo tu."

Kidogo! Nikafungua. Udongo ule ulikuwa na kiu ya miezi. Fundi anakanyaga matope, Mama Kulwa anacheza, "Wabeja! Wabeja gete!" Shukrani za namna ile sijazisikia tangu harusi yetu, nikanogewa, nikaongeza. Helikopta ikapita juu sana, ndogo kama nzi. Nikaipungia mkono.

Uwanjani maji yakatosha nusu. Mpira wa maji ulikohoa mara mbili mbele ya jukwaa, ukanyamaza. Nikaukunja kitaalamu, kama mtu aliyemaliza kazi.

Helikopta ikaja. Ikatua wapi? Nusu ile kavu!

Vumbi lile, jamani. Kwaya iliingia na sare nyeupe, ikatoka na sare za kaki. Pilau ilipata kiungo kipya. Mgeni rasmi alibaki macho mawili tu.

"Koplo!" Afande anakohoa. "Maji yako wapi?"

Mdomo wangu haukuniuliza. "Tanki linavuja, afande! Yameishia njiani."

Na linavuja kweli. (Kidogo. Tumeandika barua sita.) Mgeni rasmi akasikia, akanyakua kipaza sauti. "Vijana hawa wanaokoa maisha kwa gari linalovuja! Nalibeba mwenyewe suala hili. Mtapata gari jipya!" Makofi, vigelegele. Hadija akanipigia saluti. Kwa dakika tano nilikuwa shujaa.

Kisha rubani akaomba aonyeshe kamera. "Hii tumerekodi asubuhi tukizunguka. Tazameni inavyoona." Kwenye skrini ikaja barabara ya Tinde. Mapaa ya bati. Mbuzi watatu, mpaka pembe unaziona. Halafu kitu chekundu.

Nikajisogeza nyuma ya kwaya.

"Hapa tuliwaona wenzetu wa zimamoto wakiwa kazini," akasema rubani, kwa nia njema kabisa. "Tukadhani kuna moto, tukasogeza kamera."

Ikasogea. Namba za gari. Mpira wa baiskeli mlangoni. Fundi, matope mpaka magotini. Mama Kulwa anacheza. Na mimi, bomba mkononi, nimekenua meno yote, nawapungia.

Uwanja mzima ukalipuka kicheko. Wanafunzi wakaanza kunipungia. Afande akanisogelea taratibu, akasema kwa upole ambao sitausahau, "Koplo, hebu nionyeshe hapo panapovuja."

Mgeni rasmi akarudi kwenye kipaza sauti. "Nimeona gari lenu ni zima kabisa. Linafanya mpaka ujenzi." Ahadi ikafa pale pale. Hiyo imeniuma kuliko kozi, kwa sababu siku moja gari lile litatuacha barabarani nyumba ya mtu ikiungua. Na imenitia hasira pia: barua zetu sita hazijaonwa na mtu, lakini tofali zangu zimeonwa kutoka mawinguni kwa asubuhi moja!

Kozi amepewa Hadija. Akavutwa kwa winchi mbele ya watu wote, na alipofika juu akanipungia. Nikapanda gari niondoke kimya kimya. Likakataa kuwaka. Limesukumwa na kwaya, wakiimba.

Basi msinicheke. Na jioni ya leo pikeni kwa uangalifu, maana maji ya kuwazimia moto yote yako kwenye tofali zangu.