Ombi la Kumtenganisha Mume Wangu na Fremu Zake za Wino

Kwako Shangazi wa mume wangu,

Shikamoo. Huku sote hatujambo, isipokuwa fulana.

Siku ya harusi yetu ulinishika mkono mbele ya watu ukasema, "Huyu nimemlea mimi. Akikushinda, usiende kwa majirani. Niandikie." Nimevumilia, Shangazi, lakini maji yamezidi unga. Mwanao amenishinda.

Duka letu la kuchapa fulana tulilifungua kwa mapenzi. Mimi nachapa kwa mashine ya joto: naweka karatasi yenye picha juu ya fulana, nabana, nafunua, mteja anavaa. Yeye anachapa kwa fremu za kitambaa chembamba, kila rangi na fremu yake, na wino anausukuma kwa mpira mpaka upenye. Nilidhani ni tofauti ndogo, kama mtu wa chai na mtu wa kahawa. Kumbe! Malalamiko yangu ni haya:

1. Fremu zake hupakwa dawa ya kushika picha, nayo haitaki mwanga, na giza pekee tulilonalo nyumbani liko bafuni. Ameziba dirisha kwa kadibodi, amefunga taa nyekundu, na mlangoni amebandika tangazo: "Usifungue, dawa haijakauka." Majuzi mama mkwe, yaani wifi yako, alikuja kutusalimu akataka kuoga. Aliogea kwenye taa nyekundu, amezungukwa na fremu. Alipotoka aliniuliza kwa kunong'ona kama mwanawe ameanza uganga. Sikukanusha haraka kama ilivyonipasa.

2. Hasikii la mtu. Kwaya moja iliagiza fulana zenye njiwa wa rangi nyingi. Nikamwambia, "Mume wangu, hiyo ni kazi ya mashine." Akanijibu, "Stika ni za friji, mama. Wino unaingia, unakaa, unazeeka na mtu." Basi fremu moja ikateleza, na njiwa wote wakatoka na midomo miwili. Kinachoniuma si midomo. Kinachoniuma ni kwamba mwalimu wa kwaya alifurahi! Alisema mdomo mmoja ni wa sauti ya kwanza, wa pili ni wa sauti ya pili. Tangu hapo mwanao anatembea dukani kama mtu aliyekusudia.

3. Anafurahia misiba yangu. Jezi za timu ya mpira nilichapa mimi. Ni kweli kwamba jua lilikuwa kali, na mchezaji namba 14 akabandukwa na ile 1, akabaki 4. Akacheza rafu. Refa akamwonyesha kadi yule namba 4 halisi, beki mpole aliyekuwa pembeni akifunga kamba za viatu. Beki alilia. Je, hilo ni kosa la mashine? Ni kosa la jasho. Lakini mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaiokota ile 1 uwanjani, akaja kuibandika kwenye friji.

4. Sasa tunavunja koo za watu. Ukoo mmoja ulimfanyia sherehe babu yao, dereva wa treni anayestaafu, wakataka sura yake kifuani. Tuliposhindwa kuelewana, tukagawana kazi nusu kwa nusu. Kwake babu alitoka kwa wino mweusi, mkali kama sura ya kwenye sarafu. Kwangu alitoka na rangi zote, hata kipara kinang'aa. Ukumbini, watu wa wino wakakaa kulia, watu wa joto wakakaa kushoto. Hotuba zikawa mbili. Babu mwenyewe alipouliza akae wapi, aliambiwa kwanza achague fulana. Maskini akavaa zote mbili, moja juu ya nyingine, kisha akatuita pembeni. "Ninyi wawili," akauliza, "mnalala nyumba moja?" Tukasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaenda kutafuta feni.

Kwa hiyo, Shangazi, naomba kwa heshima zote uje utuchoree mstari wa chaki katikati ya duka. Pia umwapishe upya, safari hii aape kunipenda "katika wino na katika joto." Akikataa, umchukue akae kwako mpaka apone, yeye na fremu zake.

Nisalimie mzee wako, watoto, fundi cherehani wa jirani, na wote wanaotuulizia. Wasiotuulizia nao wasalimie, huenda wamesahau tu.

Ni mimi mkweo mnyenyekevu,
Mama wa Mashine

Nyongeza: Nilikuwa nafunga bahasha mashine yangu ikaungua waya, na wauguzi wa zahanati wanangoja fulana zao. Mwanao hakucheka. Alinivika aproni yake, akasimama nyuma yangu, akanishika mikono, tukavuta mpira pamoja. Shangazi, wino ukipenya unausikia mpaka kwenye kiwiko! Nimemaliza za wauguzi, nikachapa na mapazia. Yeye ameitengeneza mashine, na tangu hapo haibanduki mikononi mwake. Anasema hakuijua raha ya kufunua karatasi. Kwa hiyo kila nilipoandika "yeye", tafadhali soma "mimi", na kila nilipoandika "mimi", soma "yeye". Sasa hivi yuko kaunta, anakuandikia barua ya kunishtaki. Ikifika kabla ya hii usiiamini: mwanao anatia chumvi sana.