Sofa ya Mama Kim na Shahada ya Nyawira

Leo nimeaibika kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa Kipolandi. Naandika haya nikiwa jikoni, mlango nimeufunga, kwa sababu majirani wanapita nje polepole kuliko kawaida.

Kwa wasionijua: mimi ni Wangeci wa Mukurweini, kule Nyeri. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba, mama akamfuata baba kabla nyasi hazijaota kaburini. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule nikashika ng'ombe, kahawa na mdogo wangu Nyawira. (Ng'ombe ndiye alikuwa msumbufu zaidi, nisimsingizie mtoto.)

Sasa Nyawira amepata nafasi katika chuo kikuu kimoja huko Poland, asomee shahada ya lugha na fasihi za Kislavi. Msijifanye mnajua ni nini. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza nilimuuliza kama ni dawa za mifugo. Akanieleza kwamba ni Kirusi, Kipolandi, Kicheki na ndugu zao, pamoja na vitabu vilivyoandikwa kwa lugha hizo. Kirusi amejifunza kwa simu, miaka yote hii, akiwa zizini. Jirani mmoja aliniuliza, "Akimaliza atafundisha nani, ng'ombe?" Kusema kweli ng'ombe ameshaanza masomo. Nyawira humkama akimsemesha Kirusi, naye husimama wima kama askari. Akisikia Kikuyu changu hupiga ndoo teke.

Chuo kimemkubali. Kilichobaki ni mfadhili. Na mfadhili husaidia mayatima wasio na uwezo, kwa hiyo kabla ya kutoa jibu hutuma watu waione nyumba kwa macho yao. Leo ndiyo ilikuwa siku hiyo. Wakikubali, Nyawira anaenda. Wakikataa, nafasi inapewa mtu mwingine na sisi tunaendelea kuchuma kahawa.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Kwetu mgeni hakalishwi kwenye stuli inayotikisika. Mama alitulea hivyo. Hata mtu wa kuomba moto huvutiwa kiti kizuri, sembuse mtu aliyetoka ng'ambo? Basi asubuhi na mapema nikaenda kwa Mama Kim, jirani yetu wa upande wa pili wa ua, nikaazima sofa yake, ile yenye vitambaa vya kushona kwa mkono. Akaniongezea na kabati la vioo, na vyombo vyake ndani.

"Chukua yote, mami," aliniambia. "Wageni wakiona hizo stuli zenu watasema Mukurweini yote iko hivyo."

Baba Shiku akanipa runinga. Vijana wa boda boda wakanisaidia kubeba. Vitu vyetu nikavirundika chumbani: stuli, godoro, mitungi ya maji, makarai ya kukinga mvua, kuku anayelalia mayai, na picha ya wazazi wetu, kwa kuwa kioo chake kimepasuka. Nikasukuma mlango kwa mgongo, nikaufunga kwa kamba.

Nyawira akaja na majani ya ng'ombe, akasimama mlangoni.

"Wangeci." (Huniita Mami akitaka kitu. Akiniita Wangeci, ana hasira.) "Hii ni nini?"

"Ni heshima."

"Hawa watu wanakuja kuona kama sisi ni maskini."

"Kwani maskini hana wageni?"

"Mimi nilitaka tuwape mkate na chumvi tu. Watu wa huko ndivyo wanakaribisha mtu mlangoni."

"Mkate na chumvi? Watasema tumekosa hata siagi."

"Si tumekosa?"

Nikaendelea kupanga vikombe. Mimi ndiye mkubwa.

Wageni wakafika. Wa kwanza kushuka alikuwa Bwana Muriithi, mtu wa kamati ya mfadhili, suti ya kijivu, faili kwapani na kalamu tayari mkononi. Wa pili alikuwa Daktari Halina, mhadhiri wa chuo chenyewe, mama mrefu aliyevaa viatu vya mpira kama mtu aliyeonywa kuhusu matope yetu. Nyawira hakuniomba ruhusa. Alitoka na mkate mzima juu ya kitambaa cheupe, na kisahani cha chumvi kando. Daktari Halina alisimama. Akaweka mkono kifuani, akamega kipande, akachovya, akala kimyakimya. Bwana Muriithi naye akala, kama mtu anayemeza dawa.

Nikajiambia, tumeanza vizuri. (Ni Nyawira aliyeanza vizuri. Mimi nilikuwa bado sijaingia uwanjani.)

Tukaketi. Daktari Halina akatushukuru kwa Kiswahili safi kuliko cha mtu yeyote aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Nilishtuka hadi nikasahau kumjibu. Bwana Muriithi hakuwa na haja ya kushukuru. Alikuwa akipapasa mkono wa sofa.

"Mko vizuri hapa," akasema.

"Tunamshukuru Mungu," nikasema.

(Kwa nini nilishukuru?)

"Hata mimi kwangu siko na sofa kama hii."

"Ni ya kawaida tu."

Akaandika. Niliisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Kisha akaitazama runinga. Akatazama darini, ambako hakuna taa. Akatazama nje dirishani, ambako hakuna nguzo.

"Hii runinga inatumia stima gani?"

"Bado tunaingojea stima."

"Mlinunua runinga mkingojea stima?"

"Ndiyo. Tulijitayarisha."

Nyawira alifumba macho. Bwana Muriithi akaandika tena, safari hii kwa muda mrefu, kisha akauliza kama tuna ndugu ng'ambo anayetutumia pesa. Nikasema hatuna. Akasema "mh."

Tuliokolewa na Daktari Halina. Alimgeukia Nyawira, akamuuliza kwa nini amechagua Waslavi, wakati watu wote wanasomea biashara.

Nyawira hakuhitaji kufikiri. Alisema shuleni kwao kulikuwa na kitabu kizee kisicho na jalada, hadithi za Warusi kwa Kiswahili, walichokitumia kuzuia dirisha lisigonge. Siku moja ya mvua akakitoa akakisoma. "Nikaona watu wa huko ni kama wa hapa," akasema. "Wako na ng'ombe mmoja, mjomba mlevi, na karani wa serikali anayewasumbua. Wanagombania shamba. Wanalia mazishini halafu wanakula sana. Tofauti ni theluji tu. Na hata sisi tuko na theluji, iko juu ya mlima pale, ni vile haishuki. Nataka kuwasoma kwa lugha yao, halafu niwalete huku kwa yetu."

Daktari Halina alicheka hadi akafuta macho. Akamsemesha kwa Kirusi, Nyawira akajibu. Wakaendelea. Sikuelewa hata neno moja, lakini nilimwona mdogo wangu ameinua kidevu, nikamimina chai. Hata kalamu ya Bwana Muriithi ilikuwa imetulia.

Hapo ndipo Daktari Halina akaliona kabati.

Ndani ya kabati, katikati ya sahani za maua, mna picha ya arusi ya Mama Kim. Mimi nimeiona miaka mingi mno hata siioni tena. Daktari Halina aliinuka, akasogea karibu na kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Hawa ndio marehemu wazazi wenu?"

Nilikuwa nimeshika birika. Ningesema hapana, swali lililofuata lingekuwa, ni nani basi, na kabati hili ni la nani?

"Ndiyo," nikasema.

Nyawira alinikanyaga mguu. Alikuwa amechelewa.

"Mama yenu alikuwa na uso mwema," Daktari Halina akasema, akainamisha kichwa mbele ya sahani za Mama Kim. Bwana Muriithi naye akaacha kuandika, akainama. Nami ningefanya nini? Nikainama.

"Alifariki ghafla?" akauliza Bwana Muriithi.

"Ghafla sana."

"Hodi hapa!"

Nilimjua kwa sauti kabla hajaingia. Mama Kim hajabadilika tangu arusi yake. Ameongezeka mwili, lakini uso ni ule ule na pengo la meno ni lile lile.

"Wageni, mtanisamehe," akasema, akimpa kila mtu mkono. "Chama chetu cha kuweka akiba kilikuwa kifanyike kwa mwenyekiti, sasa ati wamekileta kwangu bila kuniambia. Wamama wamesimama tu kwa uwanja. Wangeci, naomba sofa yangu."

Bwana Muriithi alimtazama Mama Kim. Akaitazama picha. Akamtazama Mama Kim tena. Daktari Halina alifanya ishara ya msalaba.

"Mama," akasema Bwana Muriithi, "wewe ni nani?"

"Mimi ni Mama Kim. Na huyo pale ni mimi," akaonyesha kabati kwa kidole, kwa fahari. "Siku ya arusi yangu. Hiyo gauni ilitoka Nairobi."

"Nimeambiwa umekufa."

"Na nani?"

Macho yote yalinigeukia, hata ya Nyawira.

"Wangeci," Mama Kim akaniuliza polepole, "umeniua lini?"

Wapendwa, niliwahi kuanguka na kopo la maziwa mbele ya foleni nzima ya kituo cha maziwa. Niliwahi kuimba ubeti usiokuwepo kanisani. Hayo sasa nayaona kama sherehe. Bwana Muriithi alifunga faili, akasimama.

"Twende, Daktari. Kuna mayatima wa kweli wanangoja."

Nilisimama mlangoni. Sikupanga kusimama pale, miguu ndiyo iliyoamua. Nimemlea mtoto huyu tangu akiwa hawezi kufunga kifungo. Nisingekubali azuiwe na kabati.

"Bwana, nisikilize kwanza. Sofa ni yake. Kabati ni lake, na arusi ni yake. Runinga ni ya Baba Shiku. Vikombe si vyangu. Chai ndiyo yangu. Wazazi wetu wako shambani, chini ya migomba, twende nikuonyeshe. Nilisema uongo. Nyawira hakusema."

"Umeazima sofa. Umeazima mpaka mama," akasema. "Sasa nitajuaje kama huo umaskini nao si wa kuazima?"

Akanyoosha kalamu kuelekea chumbani.

"Fungua huo mlango wa kamba."

"Huko ni chumbani, bwana."

"Ndiyo maana nataka kuona."

Nikafungua kamba. Niliomba rundo lishikilie japo dakika moja. Halikushikilia. Mitungi ilitangulia, ikifuatwa na makarai kwa kelele ambazo nina hakika zilisikika hadi mjini Sagana. Stuli ya miguu mitatu ikabingirika hadi nje. Kuku akaruka juu ya kichwa cha Bwana Muriithi, akamwachia manyoya begani na kitu kingine kwenye tai. Mwisho likaja godoro letu, polepole kama mlevi anayetafuta pa kulala, nyasi zikitoka pale liliporaruka. Likamwegemea kifuani. Akalishika. Walisimama hivyo, yeye na godoro, kama watu wanaosalimiana.

Nyawira alipiga magoti katikati ya makarai, akaitoa picha ile ya kioo kilichopasuka. Aliishika kando ya uso wake. Mtu yeyote angeona: paji la uso ni la baba, macho ni ya mama.

Bwana Muriithi aliitazama juu ya godoro.

"Mimi nimezunguka nyumba nyingi," akasema hatimaye. "Murang'a, Nyeri, kote. Watu wakisikia nakuja wanapeleka sofa kwa jirani. Nimekuta mtu amelaza watoto sakafuni na vitanda viko kwa shamba. Lakini mtu wa kuazima utajiri, wewe ndiye wa kwanza. Mtu anayedanganya ili apoteze, sijui nimwandike wapi."

"Mwandike dada," akasema Daktari Halina. "Na msichana huyu ninamhitaji darasani."

Bwana Muriithi aliliegemeza godoro ukutani, akaokota faili. Akasema kwa upande wake Nyawira anaenda. Ataandika alichokiona, japo hana hakika kama wenzake watamwamini.

Nililia. Nyawira akaniita Mami. Mama Kim naye alilia, kisha akakumbuka sofa.

Basi tukaibeba wote. Daktari Halina alishika upande mmoja, Bwana Muriithi wa pili, na manyoya yake begani. Tulipopita kwenye ua, chama kizima kilikuwa kimejipanga pale. Walikuwa wamesikia yote. Mama Kim alinitambulisha hata hivyo. "Huyu ndiye aliniua," akawaambia. "Na nilimpa mpaka vikombe."

Nawaomba msicheke. Na tafadhali acheni kumpigia Mama Kim simu za rambirambi, wameshampigia watatu na anazipokea vibaya. Kesho nitapeleka maziwa kwa njia ya mtoni. Ni ndefu na ina utelezi, lakini haipiti nyumbani kwa marehemu.