Taa Nyekundu Jikoni Kwangu

Nchiru, Meru

Kwa Daktari Mutugi, Mkuu wa Utafiti wa Hewa,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Mama Kawira, yule wa jiko la mbao nyuma ya hosteli, ambako wanafunzi wako walitundika mashine ya kupima chembe za hewani. Niliwakubalia bila shida na chai nikawapa. Sasa naomba uiondoe kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu wamama wa kanisa watakutana kwangu, na mashine hiyo inaniharibia jina.

1. Taa. Nikiwasha kuni tu, inawaka nyekundu. Kwa jirani yangu Gladwell, anayepikia gesi, mashine yake ni kijani kutwa. Daktari, umewahi kuingia jikoni kwa Gladwell? Sufuria za juzi ziko pale zinangoja Yesu arudi! Mimi nafagia mara tatu kwa siku.

2. Ile karatasi ya kunasa chembe. Ililetwa nyeupe pepepe, kesho yake ilikuwa nyeusi tititi. Sikulelewa kumrudishia mtu kitu chake kikiwa kichafu. Hata bakuli la Gladwell halirudi kwake bila kuoshwa. Basi niliifungua mashine kwa kisu cha viazi, nikaifua karatasi kwa sabuni, nikaianika, nikaikunja vizuri. Mwanafunzi wako Winfred alipoiona alikaa chini akashika kichwa. Hata asante hakusema.

3. Winfred anasema chembe thelathini zikijipanga hazifikii unene wa unywele, na kwamba zinaingia kifuani. Haya, kama hazionekani, alijuaje ni zangu? Barabara ina vumbi na hosteli inachoma takataka. Kila chembe iulizwe kwao ni wapi! Mume wangu Kailemia anakohoa, ndiyo, na ni mwaka wa pili tangu aache kwaya, lakini hiyo ni baridi. Nimesema ni baridi.

4. Nasikia mashine hizi hupelekwa kulinganishwa na kubwa ya maabara, kwa kuwa hukosea. Kumbe! Na hiyo kubwa inapimwa na nani?

Kama haiwezi kuondolewa, iwekwe kijani siku hiyo, saa nne mpaka saa nane. Ikishindikana, nipewe cheti chenye muhuri kwamba moshi wangu ni wa kupika mukimo wa viazi na mahindi na hauna nia mbaya.

Nisalimie maabara nzima. Mwambie Winfred sabuni bado ipo.

Ni mimi, mwenye jiko safi,
Mama Kawira

Nyongeza: Barua hii nimekaa nayo wiki nzima. Wakati huo, ili kuidanganya mashine, nimekuwa nikipikia nje chini ya mparachichi, na taa imekuwa kijani. Leo asubuhi Kailemia alikuwa akikamua ng'ombe, nikamsikia akiimba besi, beti mbili, bila kukohoa. Nilisimama na mwiko mkononi nikalia. Iache hapo hapo, Daktari. Wamama watakula nje.